Muziki unabadilisha ladha ya mvinyo: ushahidi upo, na baa zetu zinahusika

Mchuja Zabibu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo nimelifuatilia kwa muda na sijaona likijadiliwa humu ipasavyo. Muziki unaopigwa wakati unakunywa mvinyo unabadilisha ladha unayoipata. Sisemi kwamba unakuchangamsha tu. Nasema watu wakipewa mvinyo uleule na kuulizwa ukoje, majibu yao yanafuata muziki waliokuwa wanausikia.

Nianzie dukani, maana huko ndiko ushahidi unaohesabika kwa chupa ulikopatikana.

Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti mfupi wa Adrian North, David Hargreaves na Jennifer McKendrick, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Walichukua rafu ya supamaketi wakapanga aina nne za mvinyo wa Ufaransa na nne za Ujerumani, zikikaribiana bei na utamu. Hapo kwenye rafu wakaweka redio kaseti. Siku moja inapiga akodioni ya Kifaransa (kile kinanda cha kukunja na kukunjua ambacho wapenzi wa taarabu wanakijua), kesho yake zinapigwa tarumbeta za kwenye kumbi za bia za Kijerumani. Wakaenda hivyo kwa kupokezana kwa wiki mbili.

Siku za akodioni ziliondoka chupa 40 za Ufaransa na 8 za Ujerumani. Siku za tarumbeta ziliondoka 22 za Ujerumani na 12 za Ufaransa.

Ukijumlisha utaona wateja wa duka lile walikuwa na mapenzi yao tangu awali: Ufaransa 52, Ujerumani 30. Tarumbeta zilipopigwa, mapenzi hayo yakapinduka. Na wanunuzi 44 walikubali kujaza dodoso baada ya kuchagua chupa. Walipoulizwa kama muziki uliwashawishi, 6 tu ndio waliokubali. Kwangu hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Mtu anatoka na chupa mkononi, anakueleza sababu zake kwa kujiamini kabisa, na sababu iliyomsukuma haimo katika maelezo yake.

Miaka minne kabla ya hapo, 1993, Charles Areni na David Kim walikuwa wameshaonyesha kitu kinachofanana katika duka la mvinyo Marekani. Ulipopigwa muziki wa klasiki badala ya nyimbo zinazotamba redioni, wateja walitumia pesa nyingi zaidi. Idadi ya chupa haikuongezeka, walichagua za bei ya juu.

Hayo ni ya mfukoni. Je, mdomoni?

North baadaye akawa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, Edinburgh. Akachukua watu 250 na mvinyo wa aina mbili kutoka Chile, mwekundu wa zabibu za Cabernet Sauvignon na mweupe wa Chardonnay. Wengine walikunywa kimya kimya. Wengine walikunywa huku ukipigwa muziki wa aina moja kati ya nne: kwaya ya Carl Orff, Carmina Burana, ambayo ni nzito na ya vishindo, walsi ya Tchaikovsky, laini na ya kiungwana, wimbo mchangamfu wa pop, na muziki mmoja wa taratibu na mtulivu. Kila mtu alipata glasi moja katika hali moja. Kisha akaupa mvinyo wake alama kwa vigezo vinne: uzito na nguvu, ulaini wa kiungwana, uchangamfu unaoburudisha, utulivu.

Matokeo yalikwenda na muziki. Waliosikia kwaya nzito waliuona mvinyo mzito zaidi kuliko waliokunywa kimya. Waliosikia wimbo mchangamfu waliuona mchangamfu zaidi. Mwekundu na mweupe vilevile. Matokeo yalitangazwa 2008, na makala yenyewe ikatoka 2012 katika British Journal of Psychology.

Maelezo yanayoniingia akilini ni haya. Mvinyo una mambo mengi kwa wakati mmoja: uchachu, ukakasi, harufu ya matunda, joto la kilevi, uchungu kwa mbali. Hakuna anayeweza kuyashika yote kwa pamoja. Muziki unakuelekeza uanze na lipi, na ulilolianza ndilo litakalojaa mdomoni. Uzito ulikuwemo tangu mwanzo, wepesi pia ulikuwemo.

Nimeleta hoja. Karibuni.

---

Fundi Mitambo

Mkuu, mimi kazi yangu ni vipimo, kwa hiyo niwie radhi nikiuliza kwa ukali kidogo. Ukiipeleka ile glasi maabara, asidi ni ileile, sukari ileile, kilevi kilekile. Kwa hiyo ladha haijabadilika, yaliyobadilika ni maneno ya watu. Mtu umempigia kwaya ya vishindo, halafu unampa karatasi imeandikwa "mzito". Ataweka alama wapi zaidi ya hapo? Hata ukimpa maji atasema mazito.

---

Mchuja Zabibu

Fundi, nilikuwa naisubiri hii, na sitaki kuipita juu juu.

Kwanza, maabara inapima kilichomo kwenye glasi. Ladha inatengenezwa kichwani, na kichwa kinakusanya kila kinachokifikia: pua, ulimi, macho, hata masikio. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu 54 waliokuwa wakisomea mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi hao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hawakuwa wageni wa fani. Macho yalikuwa yameshaiamulia pua.

Pili, na hapa ndipo hoja yako ina nguvu, kweli jaribio la Edinburgh lilitumia maneno yanayofanana na sifa za muziki wenyewe. Mtu anaweza kuhamisha neno kutoka sikioni hadi kwenye karatasi bila ulimi kushiriki. Ndiyo maana nayapa uzito zaidi majaribio ya Charles Spence na wenzake wa Oxford, ambao walianza na sauti tupu. Anne-Sylvie Crisinel na Spence waliwaomba watu walinganishe ladha na sauti za ala mbalimbali. Utamu watu waliuelekeza kwenye piano na sauti za juu. Uchungu wakaupeleka kwenye ala za shaba na sauti za chini. Hakuna aliyewafundisha. Mwaka 2012 wakaenda mbele: walitengeneza muziki wa aina mbili, mmoja wa juu na mwingine wa chini wenye shaba, wakawapa watu peremende moja ya sukari iliyounguzwa ambayo ina utamu na uchungu kwa pamoja. Walipoila huku wakisikia muziki wa chini, uchungu ulipanda. Waliposikia wa juu, utamu ukapanda. Peremende ilikuwa ileile.

Sauti ya tarumbeta haina neno "chungu" ndani yake, Fundi. Kwa hiyo kuna kitu zaidi ya kukopa maneno.

Ila nakubaliana nawe kwa kiasi: mabadiliko haya yana mipaka. Mvinyo ulioharibika ukawa siki hauponi kwa muziki wowote.

---

Fundi Mitambo

Nimekuelewa kwenye peremende. Lakini bado ni watu wachache kwenye chumba cha utafiti. Kuna lililofanyika nje, kwa watu wa kawaida?

---

Mchuja Zabibu

Lipo. London, Mei 2014, karibu watu 3,000 kwenye tamasha la mvinyo kando ya mto Thames. Walipewa mvinyo wa Rioja, Hispania, kwenye glasi nyeusi ili wasione rangi yake. Kisha chumba kikabadilishwa taa: nyeupe, nyekundu, kijani, na baadaye muziki ukaongezwa, mmoja uliotungwa uwe "mtamu" na mwingine uwe "mchachu". Chini ya taa nyekundu na muziki mtamu watu waliona matunda yanazidi. Kijani na muziki mchachu vikaleta ubichi na wepesi. Glasi ilikuwa ileile mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo linalonipendeza. Mtu anasikia mwenyewe kinywaji kinageuka.

---

Mhudumu wa Njiro

Wakuu, mimi nimefanya kazi ya kuhudumia mezani hotelini kwa miaka mingi, Arusha na kabla ya hapo Zanzibar. Sikuwahi kusoma hizo tafiti ila naongeza nilichokiona.

Mapema jioni, muziki ukiwa chini, mgeni anauliza maswali kuhusu mvinyo. Unatoka wapi, zabibu gani, una ukakasi kiasi gani. Anakunywa taratibu. Ikifika saa tatu DJ akaanza, maswali yanakwisha. Mtu anaonyesha kidole kwenye menyu, na mara nyingi kidole kinakwenda kwenye wenye sukari au kwenye bia. Ule mwepesi wenye harufu za maua, ambao saa moja iliyopita alikuwa anausifia, sasa anasema "huu hauna kitu". Nilikuwa nadhani ni uchovu wa ulimi. Siku hizi naona kelele nazo zilikuwa zinafanya kazi yake.

---

Mchuja Zabibu

Kaka Mhudumu, umegusa upande ninaoujali kuliko wote, maana unatuhusu sisi moja kwa moja.

Mwaka 2015 Kimberly Yan na Robin Dando wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio ambamo watu 48 walionja miyeyusho ya ladha mbalimbali huku wakisikia ngurumo kama ya ndani ya ndege, kiasi cha desibeli 85. Utamu ulififia. Ladha ile ya nyama, ya supu nzito na nyanya zilizoiva, ikapanda. Chumvi, uchachu na uchungu havikuguswa. Sasa jiulize mvinyo mwekundu usio na sukari unabaki na nini ukiondoa huo utamu wa matunda ulioko nyuma. Uchachu na ukakasi. Mtu akisema "mkali huu", hajakosea.

Halafu kuna jaribio la Nicolas Guéguen na wenzake, lililochapishwa 2008. Walikwenda kwenye baa mbili za mji mmoja magharibi mwa Ufaransa, siku za Jumamosi usiku, wakawaangalia vijana wa kiume 40 bila wao kujua. Safari nyingine sauti ya muziki ilikuwa desibeli 72, nyingine 88. Kwa sauti ya chini kijana alimaliza glasi ya bia kwa dakika 14 na nusu hivi. Kwa sauti ya juu, dakika 11 na nusu. Wastani wa glasi ukatoka 2.6 ukafika 3.4.

Kwa hiyo mwenye baa anayefungulia spika hadi viti vinatetemeka anauza zaidi. Biashara yake inakwenda, simlaumu kwa kutafuta riziki. Lakini mvinyo hauonjwi pale. Unamezwa tu.

Kuna utafiti wa Lorenzo Stafford na wenzake wa Portsmouth, 2012, ambao unaonekana kupingana na wa Cornell: waliosikiliza muziki wa klabu waliona kinywaji chenye kilevi ni kitamu zaidi. Mimi sioni mgongano. Ngurumo ya ndege ni kelele tupu. Muziki una mpigo, una shangwe, unamteka mtu asiuone ukali wa kilevi. Vyote viwili vinamwondoa mnywaji kwenye glasi yake, kila kimoja kwa njia yake.

---

Bi Mkubwa wa Malindi

Assalaam aleikum wanangu. Mimi wa Unguja, situmii hivyo vinywaji, lakini uzi huu nimeusoma wote kwa sababu unagusa mambo ya kinywa, na kinywa kila mtu anacho. Nataka kuuliza, haya yanahusu mvinyo peke yake? Maana hapa baraza letu kahawa chungu inanyweka vizuri sana jioni, na kuna wazee wanaoapa kwamba kahawa hiyohiyo wakinywa mahali penye makelele ya bodaboda haina maana yoyote.

---

Mchuja Zabibu

Waaleikum salaam mama yangu, karibu sana.

Hayahusu mvinyo peke yake. Mvinyo umechunguzwa zaidi kwa kuwa wanaouuza wana pesa za kugharimia, na kwa kuwa wanaokunywa wamezoea kueleza wanachokionja. Lakini Felipe Reinoso Carvalho na wenzake walifanya jaribio kama hilo kwa chokoleti nchini Ubelgiji, likachapishwa 2017. Muziki wa aina mbili: mmoja noti zake zinaungana na kuteleza, mwingine noti zinakatika katika. Chokoleti ileile ilionekana laini na tamu zaidi kwa muziki wa kuteleza, na chungu zaidi kwa ule wa kukatika. Amefanya pia kwa bia.

Kahawa chungu na kashata barazani, mama, ni mahali pazuri mno pa kujaribia. Kitu kimoja kichungu, kimoja kitamu, vinapokezana mdomoni. Ukiwa na redio ndogo, weka fidla na ganuni kwa sauti ya chini, kisha zima kabisa, uwasikilize wazee watasemaje. Ila usiwaambie mapema unachotafuta.

---

Bi Mkubwa wa Malindi

Nitafanya. Na hao wazee hawana haya ya kusema kweli.

---

Mzabibu wa Hombolo

Wakuu mimi nalima zabibu hapa Dodoma. Niseme yangu.

Zabibu zilianza kupandwa kwetu na wamisionari wa Kiitaliano pale Bihawana miaka ya 1950. Leo tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya hawana. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na zabibu nyekundu ya huko imebeba jina la mahali penyewe. Tumetoka mbali. Lakini mvinyo wetu unanywewa wapi? Grosari, kwenye plastiki, vipande vya barafu ndani, spika mbili kubwa mlangoni. Kisha mtu anakuja kutuambia mvinyo wa Dodoma ni mkali, bora wa Afrika Kusini. Ule wa Afrika Kusini alikunywa wapi? Hotelini, kwenye glasi ya shina, piano inapigwa taratibu.

Nimesoma namba za mleta mada nikaona kumbe hata ushindani wetu haukuwa wa haki. Swali langu: mvinyo mwekundu wa Dodoma usio na sukari upigiwe muziki gani?

---

Mchuja Zabibu

Mzabibu, ulichokisema kuhusu kulinganisha vitu viwili katika mazingira mawili tofauti ndicho kila mnunuzi wa hoteli anapaswa kukisoma. Weka chupa zote mbili mahali pamoja, sauti moja, glasi za aina moja, ndipo uhukumu.

Kuhusu muziki, nitakwambia ninavyofikiri. London walijaribu kulinganisha mvinyo maalumu na muziki maalumu, 2013, Spence na wenzake. Château Margaux ya 2004, mwekundu wa Bordeaux, waliikuta inapatana na muziki wa Tchaikovsky wa wapigaji wanne wa nyuzi. Pouilly-Fumé, mweupe wa bonde la Loire, ikapatana na Mozart, filimbi pamoja na nyuzi. Muziki uliopatana na mvinyo ulipopigwa, waonjaji waliuona mvinyo huo mtamu zaidi na wakaufurahia zaidi kuliko walipokunywa kimya. Ile ni orodha yao, imetoka kwenye masikio yao. Ukikumbuka akodioni ya kwenye rafu, muziki unabeba pia kumbukumbu ya mahali. Kwa mtu wa Dodoma, Tchaikovsky hambebei mahali popote.

Nyumbani kwenu kuna zeze na ilimba, ile ala ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliupeleka muziki wa Kigogo hadi kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya. Sikiliza unavyofanya kazi: zeze linakwaruza kidogo, lina ukavu wake. Ilimba inadondosha noti za juu moja moja, na juu yake kuna mtetemo unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu. Kwa hesabu za Oxford, noti za juu za ilimba zingetakiwa kuvuta utamu wa matunda. Mkwaruzo wa zeze ungeelekea upande wa ukakasi. Mvinyo wako una vyote viwili. Ningeanza na ilimba peke yake, niingize zeze baadaye, nione mdomo unakwenda wapi. Haya ni makisio yangu, yanahitaji kujaribiwa.

---

Mhudumu wa Njiro

Jaribio tulifanyeje lisiwe la kujidanganya? Maana tukikaa wenyewe tunaojua uzi huu tutaona tunachotaka kukiona.

---

Mchuja Zabibu

Hasa. Waonjaji wasiwe sisi. Watafutwe watu wasiosoma hapa, waambiwe tu kwamba tunaonja mvinyo. Mmiminaji awe mtu mmoja, nyuma ya pazia, na glasi zote zitoke chupa moja iliyofunguliwa kwa wakati mmoja, kwa sababu mvinyo ukishapigwa na hewa nusu saa unabadilika wenyewe bila msaada wa muziki. Joto lisipuuzwe: Dodoma mchana chupa nyekundu inaweza kufika nyuzi 30, na hapo kilevi kinapanda puani kikafunika kila kitu. Ipoze hadi nyuzi 16 au 18.

Wagawanywe, nusu waanze na kimya kisha ilimba, nusu waanze na ilimba kisha kimya. Glasi ya pili haionjwi sawa na ya kwanza kwa kuwa ukakasi unajilimbikiza mdomoni, na bila kugeuza zamu utaulaumu muziki kwa kazi ya glasi ya kwanza. Sauti iwe ya mtu kuweza kuongea bila kuinua yake. Na wasipewe karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, hapo ndipo Fundi alipotushika. Wapewe karatasi tupu, waandike wenyewe kabla hawajasikia jirani amesema nini. Neno moja la mtu mwenye sauti kubwa mezani linaharibu jaribio zima.

---

Fundi Mitambo

Mkiwa na karatasi tupu na zamu zilizogeuzwa mimi nitakubali matokeo, yawe vyovyote. Kipima sauti ninacho, na kipimajoto. Nitakuja navyo.

---

Mzabibu wa Hombolo

Njooni mavuno ya mwezi wa tatu yakiisha. Mwekundu wa mwaka jana nimeuweka, hauna sukari. Kijijini kwangu kuna mzee anayepiga ilimba na kijana wake anapiga zeze, nimeshazungumza nao wamekubali. Waonjaji nitawapata kwa majirani ambao simu zao hazifungui jukwaa hili.

Kitu kimoja tu naomba: kabla ya yote, kila mmoja anywe glasi ya kwanza katika kelele za grosari ya pale stendi, kwa plastiki, kama tunavyokunywa siku zote. Hiyo nayo iandikwe.

---

Mchuja Zabibu

Iandikwe. Fundi, kipima sauti kianzie pale stendi.